Hatua ya Nne ya Kobe wa Abosede

Nyamazeni kidogo, mlio karibu na mlio mbali. Anayemenya viazi na aweke kisu, anayesuka nywele na aache msuko nusu, kwa maana habari hii ni kubwa. Wengine wamesimulia wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka mito kwa farasi elfu. Hapa inasimuliwa Jumanne ile ya majira ya harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi, ambapo Abosede binti Adetoun, mwalimu mstaafu wa kuchora, Mshika Kalamu, Mfuga Kobe wa Kioo, aliingia soko la kompyuta la Ikeja kuchagua pawa saplai, akatoka nayo.

Pawa saplai ni lile sanduku la chuma lipokealo umeme wa ukutani na kuugawia kila kiungo cha kompyuta, kama mama agawavyo wali: huyu chake, yule chake, asilale mtu na njaa. Na ndani ya mashine ya Abosede walikaa simba wawili wenye njaa, ndizo kadi mbili za picha. Ya kwanza aliinunua mwenyewe. Ya pili alipewa na mwanafunzi wake wa zamani, aliyeileta kwa mkono wake, ameifunga kwenye kanga ya mtoto isije ikakwaruzika. Simba wakawa wawili, chungu kikabaki kile kile cha wati mia tano. Kila walipoinama kula pamoja, mashine yote ilizimika, puu, kama mwali aliyezirai mbele ya wakwe.

Wala haukuwa mchezo wa kupoteza wakati. Mama yake, Adetoun, alikuwa anatimiza miaka tisini Jumamosi ile, na kwa miaka mingi aliwasimulia watoto wa mtaa hadithi ya kobe aliyeenda karamuni bila kualikwa. Abosede aliinasa sauti yake, akamchora kobe, akamfundisha kutembea. Lakini ukungu ulikuwa unatanda machoni mwa bibi yule, kila mwezi zaidi.

"Sauti yangu naijua," mama alikuwa amesema. "Mimi nataka nimwone kobe mwenyewe anatembea, kabla macho haya hayajafunga duka."

Sasa basi: ili kobe atembee, maelfu ya picha zake lazima zipikwe moja moja ndani ya kompyuta. Kadi moja ingezipika zote kwa siku sita, na karamu ingepita. Kadi mbili, siku tatu. Naye kobe, kila Abosede alipoziamsha kadi zote mbili, alikata roho kwenye hatua ya tatu.

Ndipo alipoifunga mashine yake kwa kitambaa cha adire, akaipakata kwenye bajaji kama mjukuu mwenye homa, akaelekea vitani. Kifuani alificha silaha: kipande cha karatasi ya mkate alichoandikia hesabu. Kadi ya kwanza wati mia tatu, ya pili mia tatu, prosesa mia na hamsini, feni na vingine mia. Jumla mia nane na hamsini. Na kwa kuwa hakuna mpishi ajazaye chungu mpaka ukingoni, aliandika chini yake: elfu moja.

Akasimama mbele ya duka la Sikiru, Bwana wa Volti, duka lenye upana wa mlango na sifa zilizofika mpaka Abeokuta. Sikiru alimwona ana mzigo, akampa kiti chake mwenyewe na kusimama juani. Jambo hilo liandikwe, kwa sababu yanayofuata hayamsifu sana.

"Mama Mwalimu, hiyo karatasi irudishe kwenye mkate," alisema Sikiru. "Karatasi huandikwa na yeyote mwenye wino. Sisi soko hili hatununui kwa macho, tunanunua kwa mkono. Pawa saplai nzito ina shaba tumboni. Nyepesi ni bandia. Babu wa biashara hii alinifundisha hivyo, na mkono wangu haujawahi kunidanganya. Shika hii."

Akamwekea viganjani sanduku jeusi lililoandikwa wati elfu na mia mbili. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Wapita njia wakakusanyika, kila mmoja akalipima, na kila aliyelipima alitikisa kichwa kwa heshima kama aliyesalimiwa na chifu.

"Hiyo ni dume," alisema mmoja.

"Hiyo hata uiunganishe na kiwanda," alisema mwingine, ambaye alikuja sokoni kutengeneza simu.

Abosede, aliyestahimili madarasa ya watoto sitini, alijikuta ameshawishika. Mkono wake ulikuwa tayari unafungua pochi, ndipo sauti ilipotoka kivulini, upande wa pili wa uchochoro.

"Mwalimu, umelitikisa?"

Alikuwa Mama Risikat, muuza garri, Malkia wa Bakuli, ameketi nyuma ya beseni lake la unga wa muhogo uliorundikwa kama kilima cha dhahabu.

"Iya Risikat, sisi tunaongea umeme," alisema Sikiru. "Wewe pima garri yako."

"Garri ndiyo iliyonisomesha, baba. Ishirini na mbili ni miaka niliyokaa hapa. Nimeona watu wanagonga kitako cha bakuli la kupimia mpaka kinabonyea ndani. Ukitazama juu, limejaa na kumwagika. Ukifika nyumbani, watoto hawashibi. Mtu akitaka kukupunja haendi mbali, anaanzia pale pale unapopimia. Ninyi nyote mnapima kwa uzito. Basi mimi ningekuwa mwizi, ningewauzia uzito."

Abosede akaliinua sanduku mpaka sikioni, akalitikisa. Ndani kitu kikajibu: ngo, ngo.

Sikiru alichukua bisibisi. Kifuniko kilipofunguka, umati wote uliinama kutazama, na pale chini ya waya chache nyembamba palikuwa na bonge la saruji, limegandishwa kwa gundi, sasa limeachia upande mmoja.

Hapo Sikiru angeweza kupiga kelele, kumlaani aliyemuuzia, kumtukana muuza garri. Badala yake aliziteremsha rafuni zote za aina ile, akazipanga chini, akazigeuzia ukutani kama watoto walioadhibiwa. Kisha akasema polepole, "Mama Mwalimu, nisamehe. Ningekuulia sherehe yako na huku nakutabasamia."

"Hata mimi nilishika, nikapenda," alisema Abosede. "Tulidanganywa wawili. Sasa nitafutie ya kweli, mwanangu."

Ya kweli ilikuwepo, lakini katika ngome ya adui: duka la Obiajulu, jirani wa pili, ambaye Sikiru hakuwa amesema naye tangu mvua za mwaka uliopita kwa ajili ya moshi wa jenereta. Na Sikiru, mbele ya watu wote, alizivuka zile mita mbili, safari ambayo wanaume wengi huishia kaburini hawajaifunga.

"Obi. Nina mgeni anataka wati elfu moja, za halali, zenye kebo mbili kwa kila kadi."

Obiajulu aliutazama mkono wa Sikiru. "Leo mkono wako umepumzika?"

"Umestaafu."

Obiajulu akacheka, akaleta sanduku la kijivu, la wastani wa uzito, na akalitikisa mwenyewe sikioni mwa Mama Risikat. Kimya. Sikiru akalifunga ndani ya mashine, kila kadi na kebo zake, hakuna kugawana. Kisha kadi zote mbili zikaamshwa, feni zikanguruma, na kobe akatokea kwenye kioo cha kompyuta.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kila kitu kikazimika.

Abosede alifumba macho. Alimwona mama yake ameketi mbele ya kioo cheusi, anauliza kama picha imeanza.

"Mwalimu, fumbua," alisema Mama Risikat. "Ni soko zima."

Kweli, umeme ulikuwa umekatika kuanzia barabarani mpaka msikitini, na feni za maduka yote zilikuwa zinasinzia. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Obiajulu, pasipo kuombwa, aliburuta jenereta ile ile yenye ugomvi, akauelekeza moshi wake upande wake mwenyewe, akavuta kamba.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kobe akainua mguu, akafikiri kidogo, akakanyaga ya nne. Na ya tano, na ya ishirini, mpaka akapotea ukingoni mwa kioo akielekea karamuni.

Majemadari wameshangiliwa kwa vigelegele vichache kuliko vile vilivyopigwa pale. Mama Risikat alipima garri bakuli moja, akaongeza konzi mbili juu, akampa Abosede kwa ajili ya karamu.

Jumamosi, mbele ya wajukuu, vitukuu na sahani za moin-moin, ile mikate ya kunde ya mvuke, Mama Adetoun alisogezwa mpaka pua yake ikakaribia kioo. Sauti yake ikaanza kusimulia, na kobe akatoka. Bibi alimfuata kobe kwa pua mpaka mwisho. Kisha akamshika binti yake kifundo cha mkono.

"Anachechemea mguu wa nyuma," alisema. "Miaka yote hii nilimjua hivyo, na sikuwahi kumwambia mtu. Mrudishe, mwanangu. Atembee tena."

Akarudishwa. Akatembea, mara tisa kabla ya keki kukatwa, na mashine haikuzimika hata mara moja. Basi na iandikwe palipo na nafasi, baina ya vita na vita: mwaka ule, Ikeja ilishinda.