Vita vya Elbo na Jagi la Mama Mkwe

Njooni, enyi wenye masikio na msio na haraka, niwasimulie habari ya ushujaa. Namwomba Mwenyezi Mungu, aliyeufundisha moto kutii, aushike ulimi wangu nisiongeze wala nisipunguze, kwa maana jambo lenyewe ni zito.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea aitwaye Cheche, Mwenye Miwani Myeusi, Mtoboa Suruali Zake Mwenyewe. Bomba la maji uani kwa mama mkwe wake lilikuwa limepasuka penye kona, na mama yule akawa anachota maji kwa jirani ambaye hawasalimiani. Cheche alikwisha kuunga elbo moja, yaani kile kipande kilichopinda cha kuungia bomba penye kona. Akaimwagia maji ingali moto, ikalia ta! ikapasuka. Maana elbo zile ni za chuma chenye kaboni nyingi, kigumu, chenye kiburi, kisichovumilia kupozwa ghafla. Sasa dukani ilikuwa imebaki moja tu, naye alikuwa nayo mkononi.

"Na hii ikipasuka," mkewe akasema, "utamchotea mama maji wewe, kwa jirani yuleyule."

"Mke wangu, leo chuma kitanitambua!"

"Hata juzi ulisema hivyo, baba."

Shujaa akasali. Akaipasha elbo na mdomo wa bomba kwa moto, polepole, kama mtu abembelezaye mgonjwa. Akatwaa vijiti vya kuchomelea vilivyokaushwa vema, akashusha miwani, akaingia vitani. Cheche ziliruka kama mishale ya majeshi mawili. Mshono ulipokamilika akauzika ndani ya lundo la jivu, upoe kwa hiari yake, akasimama kuulinda.

Hapo ndipo adui alipotokea, mwenye huruma, ameshika jagi la maji baridi.

"Mwanangu, chuma bado kinafuka! Ngoja nikupozee."

Jueni kwamba tangu aoe, Cheche hajawahi kumwambia mama yule neno "hapana". Akapiga magoti kati ya jagi na jivu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ee mama, uliyenipa binti yako ukijua sura yangu, maji hayo nipe mimi! Kiu ya vita imenishika!"

Akalinywa jagi lote.

"Maskini, kumbe ulikuwa unakauka hivyo!" Mama akaenda, akarudi na jingine. "Haya, hili sasa ni la chuma."

"La chuma pia nitakunywa, mama."

Mkewe akamnong'oneza, "Si umwambie tu hakitaki maji?"

"Nimfundishe mama kazi? Mimi?"

Likaja jagi la tatu. Tumbo la shujaa likawa kama ngoma, macho yakamtoka, lakini hakuna tone lililogusa jivu. Mama alipokwenda kujaza tena, Cheche akaugusa mshono: umepoa, mzima, hauna ufa. Akampa mkewe ishara afungue koki, kisha akaondoka kwa mwendo usio wa kishujaa.

Maji yakapita. Mama akapapasa kona yote kwa kiganja, pakavu. Akapaza sauti:

"Yuko wapi mkwe wangu nimbariki?"

"Huku, mama!" ikajibu sauti kutoka chooni. "Bariki tu, nasikia!"

Basi vizazi vijue kwamba siku ile baraka ilitolewa nje ya mlango, ikapokelewa ndani, na aliyeipokea hakuweza kusimama.