Namna Nilivyonunua Jogoo Yetu

Jumamosi, 8 mars

Hii sijamuambia mutu yeyote, hata Mungu: kesho nitauza jogoo ya Mama, na Mama hajui. Yeye anabeba makala sokoni, na ngiri imemutoka tumboni. Munganga amesema apasuliwe mbele ya Pasaka, ao ngiri itajikaza na kumuua. Mama alijibu maombi itatosha. Uongo! Hana feza, basi.

Kesho ni sikukuu ya mavuno. Ibada ikiisha, Shemasi Zacharie anauzisha matoleo kwa munada, na jogoo yetu itakuwa ndani. Papa Katsuva, mwenye duka ya misumari, hakubali kushindwa. Mimi nitakaa nyuma yake, nitainua mukono, bei ipande. Bila kusema neno! Nina akili sana.

Jumapili, 9 mars

Balaa.

Niliinua, Katsuva akapandisha. Niliinua tena, akapandisha. Mara ya saba akakunja mikono. Zacharie akatangaza: jogoo ni ya binti Kahindo! Kanisa nzima ikageuka.

Nikamunong'oneza Zacharie anipe tu feza ya jogoo, niende. Feza gani, akauliza. Kumbe feza ya munada ni ya bati za kanisa! Yaani nimetoa jogoo yetu, nimeinunua, na sasa Mungu ananidai.

Zacharie akasema niseme kwa sauti feza ninaitakia nini, watu hawasikii. Nikasema. Mimi! Mbele ya watu wote! Ngiri, munganga, Pasaka, vyote. Halafu Katsuva akasema bati zitangoja, munganga kwanza. Akanunua jogoo, akairudisha. Mwengine akanunua, akairudisha. Mara tisa! Jogoo mwenyewe alichoka kupiga kelele.

Mama alinivuta sikio mpaka kwetu Saio, huku analia. Eti nashindwa kuitika présent darasani, lakini tumbo yake nimeitangaza kanisa nzima.

Jumamosi, 5 avril

Mama amepasuliwa, amepona! Watu wanashukuru Mungu na Papa Katsuva. Sawa. Lakini mupango ilikuwa ya nani? Na ilienda vile nilivyopanga, kabisa kabisa.

Sasa munganga amemukataza kubeba mizigo. Anahitaji pousse-pousse ya kusukumia makala. Kesho kuna munada ya wamama wa kanisa. Jogoo iko chini ya kitanda yangu, ndani ya kikapo. Katsuva atakaa mbele, mimi nyuma, mukono tayari. Sitasema neno!

Miguu inakuja. Ni Mama. Zamani, toka jikoni mpaka mulango wangu, alikuwa anasimama mara tatu kupumzika. Leo hasimami. Anakuja mbio! Jogoo, nyamaza, ninaficha karatas—