Malalamiko Kuhusu Mwalimu wa Vipepeo na Neno "Naona"

Kwa Mwalimu Mkuu wa Chekechea,

Shikamoo. Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nina miaka kumi na sita, na Jumapili iliyopita mtoto wa miaka mitano alinituma kwenye kona ya utulivu. Nikaenda. Nikakaa hadi mchanga wote wa chupa ya kupimia muda ukashuka.

Mtoto huyo ni mdogo wangu wa kike, wa darasa la Vipepeo. Namlalamikia mwalimu wake ambaye, kwa heshima zote, anafundisha vizuri kupita kiasi.

1. Mwalimu huyo hasemi "mtoto mbaya". Anasema "naona", anataja alichokiona, basi. Sasa nyumbani hatuna pa kupumulia. Juzi baba alipiga meza kwa sababu rimoti imepotea. Mdogo wangu akamwomba aketi ili macho yao yalingane. "Baba, naona mkono wako umekasirika. Mkono ni wa kazi gani?" Baba, mtu mzima na kitambi chake, akajibu, "Wa kushikia kikombe, mama." Rimoti alikuwa ameikalia.

2. Mwalimu hutoa machaguo mawili. Bibi, aliyegoma kumeza dawa ya presha, aliulizwa na mdogo wangu: "Utameza kwa kikombe chekundu au cha bluu?" Bibi akafikiri sana. Cha bluu. Mama, aliyembembeleza wiki nzima, alitoka nje kucheka.

3. Mwalimu huandika kwenye daftari anachokiona, bila kuingilia. Mdogo wangu hajui kuandika, kwa hiyo anachora. Shangazi alipokuja kusalimia alichorwa akiwa na midomo mitatu. Hakumaliza chai.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Ukurasa wangu una mtu mrefu, kitabu mkononi, hana mdomo. Nikauliza mdomo uko wapi. "Unao chumbani tu," akasema. Ni kweli. Zamu yangu ya kusoma mbele ya darasa ikifika, huomba ruhusa ya kwenda chooni. Insha zangu huzisoma kwa sauti chumbani, mlango umefungwa. Kumbe siku zote hizo yeye alikuwa chini ya kitanda na penseli yake, bila kuingilia!

Kwa hiyo naomba mwalimu huyo aagizwe kufoka angalau mara mbili kwa wiki, ili watoto warudi nyumbani wakiwa wa kawaida.

Nisalimie mpishi, mlinzi wa geti na Vipepeo wote, hasa yule anayeng'ata.

Kwa unyenyekevu,
Kaka wa Kipepeo

N.B. Jana, kabla sijafunga bahasha, mdogo wangu aliniuliza: "Kesho utasoma umesimama au umekaa?" Choo hakikuwemo kwenye machaguo. Leo zamu yangu ilipofika, nilimwomba mwalimu wetu nisome nimekaa. Sauti ilitetemeka hadi mstari wa nne, kisha ikachoka kutetemeka. Jirani yangu wa dawati akanong'ona, "We! Kumbe unaongea!" Tafadhali puuza namba moja hadi nne. Nimerudi nyumbani, nimeomba penseli, na nimeuchora mdomo.