Dume Niliyemtoa Kichwani

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimenunua kaunta buku mpya. Kurasa zote nyeupe. Hilo ndilo tatizo.

Padri ametangaza kwamba ukuta wa nyuma ya altare utachorwa zizi la Bethlehemu, kwa sura za watu na mifugo ya huku kwetu. Anayetaka kazi apeleke daftari lake la michoro. Si picha moja nzuri, daftari zima, ili aone jicho la mtu linavyotembea. Yeye mwenyewe kaenda kuzungukia vigango vya parokia, atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Ukuta ule ni mkubwa kuliko nyumba yangu. Nikiupata, Mpanda nzima itapiga magoti mbele ya kazi yangu kila Jumapili. Nikiukosa, nitakufa nikiandika USIKOJOE HAPA kwenye kuta za mtaa wetu wa Majengo.

Nilikwenda stesheni kutafuta msukumo. Treni haikuja. Msukumo nao haukuja. Nikachora benchi. Mke wangu Theopista kauliza jeneza hilo ni la nani.

Alasiri kaja Celestin wa Mishamo, yule mkimbizi wa Burundi anayechora. Kibali chake cha kutoka makazini kinaisha leo, kwa hiyo hawezi kumsubiri Padri. Kaniachia daftari lake nimfikishie. Anasema hana wasiwasi, maana wasanii ni ndugu. Nikamwambia aende kwa amani. Nimelifungua kidogo tu, kulifuta vumbi.

Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumanne, 2 Julai

Daftari la Celestin lipo chini ya godoro. Ni kwa usalama wake. Nimelala juu yake kama kuku aliyepewa yai la bata.

Leo Mwandu, Msukuma mwenye bucha mpya hapa Majengo, kataka nimchoree dume ukutani. Awe mkubwa, awe na uhai. Hataki ng'ombe wa kwenye kalenda. Nikamjibu kwamba mimi sinakili, kila kitu natoa kichwani. Kafurahi, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nimetafuta kichwani. Hakuna dume. Ningekwenda lamboni, mifugo inakonywa maji, kuchora wa kweli, lakini ng'ombe nawaogopa tangu utoto, na wao wanajua. Basi nikavuta daftari chini ya godoro. Ukurasa wa kumi na moja kuna dume mweupe mwenye mabaka meusi. Pembe ya kushoto imelala, sikio la kulia limechanjwa mara mbili, nundu imeinama upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Sijui kwa nini mtu ajisumbue kuchora ng'ombe mwenye kasoro nyingi hivyo. Nimenakili kasoro zote, maana sikuwa na muda wa kuzirekebisha.

Ukingoni Celestin alikuwa ameandika mistari mitatu kwa penseli. Nililiona jina lake tu. Nikauchana ukingo bila kusoma yaliyobaki. Theopista kawashia mkaa.

Alhamisi, 4 Julai

Dume amekamilika! Ukuta mzima wa bucha. Watu wanasimama, wanatikisa vichwa. Fundi baiskeli wa jirani kasema anaogopa kumpita kwa mbele. Nami naogopa, lakini sikusema. Kila aliyeuliza nimemjibu kwamba nimemtoa kichwani.

Kuelekea saa kumi walipita wachungaji wanne wenye fimbo. Wakasimama. Hawakusifu. Mmoja alisogea akagusa sikio la kulia kwa kidole, akaonyesha mbili. Wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, wakaondoka bila kununua hata utumbo.

Sipendi watu wanaohesabu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwisha.

Asubuhi kaja mzee Ngolo, mfugaji anayeheshimiwa upande wote wa lamboni. Mwezi wa nne alipotelewa na dume aliyeachiwa na mwanawe marehemu. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja ukutani, juu ya nundu, akaanza kumwita dume kwa jina lake. Rangi ya nundu haijakauka vizuri. Kiganja kilitoka cheusi, naye hakukifuta.

Kumbe Wasukuma hawamsahau ng'ombe. Mwandu mwenyewe kanieleza: mtoto wa miaka saba anawajua ng'ombe mia kwa sura, kama mimi ninavyowajua shemeji zangu. Baka kwa baka. Sasa watu wanasema jambo moja tu. Mwandu kamchinja dume wa Ngolo, kauza nyama, halafu kwa jeuri kamchora ukutani.

Sungusungu, walinzi wa jadi, wamefunga bucha. Mwandu kanitazama mimi. Neno moja tu lingetosha, kwamba nimenakili kwenye daftari la Celestin. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Nikaliona daftari, nikamwona Padri, nikauona ukuta wa altare. Nikalimeza, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeitwa mbele ya sungusungu. Watu wengi sana. Nilivaa koti, nikaloa jasho mpaka koti likabadilika rangi.

Kamanda wao kauliza swali moja. Dume huyu nimemwona wapi? Nikawaza kwamba nikimtaja Celestin, yeye ni mkimbizi, wataanza kumshuku. Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili yake. Nimeliandika hapa ili lisomeke hivyo.

Nikasema nimemwona ndotoni.

Nilitegemea kicheko au fimbo. Badala yake walivua kofia. Kwao mtu anayeona usingizini ng'ombe waliopotea si wa kuchezewa. Kamanda kaniuliza kwa heshima kama dume yu hai. Nikasema yu hai. Kauliza yuko wapi. Nikasema ndoto ilikatika hapo, nipewe siku chache.

Wamenipa mpaka Jumatano. Dume asipoonekana, Mwandu atatengwa yeye na nyumba yake. Hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto wala maji, na akifiwa atazika peke yake. Kisha Mwandu kanifuata nje, kanishukuru kwa kumtetea. Mkewe Kabula kanipigia magoti, mtoto mgongoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Misa sikuisikia. Nje ya kanisa walikuwa wananisubiri. Mmoja kapoteza mbuzi, mwingine pampu ya baiskeli. Mama mmoja kataka nimchore mumewe aliyekwenda Kaliua miaka minne iliyopita. Nikachora. Kasema huyu siye. Nikamwambia ndivyo alivyo siku hizi. Kaondoka analia, na mimi nikaona vibaya.

Nyumbani nimeukodolea macho ukurasa wa kumi na moja. Nyuma ya dume kuna kilima, migomba mitatu na mzinga juu ya mti. Wilaya hii nzima ni vilima na mizinga. Nikamuuliza Theopista kuhusu ule ukingo wa karatasi wa Jumanne. Kasema aliwashia mkaa, ulikuwa na nini? Nikasema haukuwa na kitu. Kanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyokaa siku mbili. Kisha kasema, Baba Odeta, hujawahi kuota kitu zaidi ya kuanguka kitandani.

Kesho naenda Mishamo. Hakuna namna.

Jumanne, 9 Julai

Naandika nikiwa kwa Celestin, Mishamo. Jana nilikaa siku nzima juu ya magunia ya lori, mgongo umekuwa magunia.

Nimemkuta anapura maharage na mkewe Gaudiose. Walinipokea kama ndugu. Gaudiose kaniwekea ugali wa muhogo na maharage mapya, kila nikimaliza anaongeza. Kila tonge lilikuwa linanishitaki.

Celestin kauliza kama Padri amelipata daftari. Nikasema linaangaliwa kwa makini sana. Kuhusu makini sikudanganya.

Nikamzungukia kwa maneno. Nikauliza, kama msanii kwa msanii, msukumo wake anautoa wapi. Kacheka. Kasema hajui msukumo ni nini. Yeye hukaa na kitu mpaka kimzoee. Asubuhi nzima bila penseli, akitazama tu. Kitu kikiacha kumwogopa, ndipo anachora. Nikauliza, na ng'ombe je? Kasema ng'ombe ni wepesi, hawana haraka.

Halafu kalitaja mwenyewe. Mwezi wa tano alikuwa Mwese kwa kibali, kwa katekista anayeitwa Enoka. Pale palikuwa na dume aliyejileta wakati wa mvua, hana mwenyewe. Enoka alitoa taarifa kijijini, akangoja, hakuna aliyekuja. Basi Celestin akakaa na dume siku mbili, akamchora na kila alama, na ukingoni akaandika: dume huyu amepotea, yupo Mwese kwa Enoka, Padri tafadhali tangaza kanisani, mwenyewe ampate. Chini akaweka jina lake ili Padri ajue wa kumuuliza.

Kaniuliza kama Padri ameshatangaza.

Tangazo! Nilichana tangazo. Theopista kapikia uji. Nilimwambia Celestin kwamba bado kidogo. Naona aibu hata kuandika. Lakini jibu ninalo, na kesho ndiyo Jumatano. Nafuu imenijia.

Jumatano, 10 Julai

Nimerudi na lori la alfajiri. Nikasimama mbele ya sungusungu na vumbi langu lote. Nikafumba macho. Nikasema naona vilima, naona migomba mitatu, naona mzinga. Ni Mwese. Naona mtu, jina lake linaanza na E.

Nadhani ile ya E ilikuwa imezidi. Hata hivyo vijana wameondoka mbio. Mzee Ngolo kanishika kichwa kama anayenibariki. Mwandu kaleta kigoda chake mwenyewe nikalie.

Ijumaa, 12 Julai

Dume ameingia Majengo saa nane mchana. Ndiye. Pembe imelala, nundu imeinama, sikio lina alama mbili. Vigelegele mpaka sokoni. Mzee Ngolo aliinamisha paji la uso kwenye shingo ya dume, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yanatikisika. Hata mimi nililia. Machozi ya kweli, si ya usanii. Bucha ikafunguliwa hapo hapo.

Nyuma ya dume alikuwa anatembea mtu mpole mwenye kofia ya nyasi. Huyo ndiye Enoka. Sikuwa nimemfikiria Enoka hata kidogo. Kasalimia, kauangalia ukuta wa bucha, katabasamu. Kasema ee, kumbe yule Celestin wa Mishamo amefika hadi huku, kazi yake naijua, alikaa kwangu siku mbili na daftari. Alisema atapeleka taarifa Mpanda. Mbona nyie mmekawia hivi?

Macho yote yakanigeukia, pamoja na ya dume.

Nilianza kusema kwamba ndoto zina njia nyingi. Theopista akapita katikati ya watu na daftari la Celestin, akalifungua ukurasa wa kumi na moja, akaonyesha ulipochanika. Kasema mkaa aliuwasha yeye, lakini karatasi alipewa. Nikakubali. Nililia tena, safari hii hakuna aliyelia nami.

Sungusungu hawakunipiga. Wameamuru niandike kwa mkono wangu chini ya dume: MCHORAJI NI CELESTIN WA MISHAMO. Herufi za urefu wa mkono. Na daftari nimpelekee Padri mwenyewe, Theopista akinisindikiza nyuma. Yote nitayaweza. Ila nilipomaliza herufi ya mwisho nilimsalimia Mwandu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha yake, hatua tatu kutoka kwangu, akamgeukia mteja.

Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 14 Julai

Padri kaliangalia daftari la Celestin jana jioni na leo baada ya misa. Kisha kaliangalia la kwangu. La kwangu halikuchukua muda. Kauliza tu lile jeneza ni la nani.

Ukuta ni wa Celestin. Padri atamwombea kibali cha miezi mitatu. Nilikuwa natoka nje kujificha, Padri akaniita. Kasema alimtumia Celestin habari yote kwa redio ya parokia, na Celestin kajibu anahitaji msaidizi, anamtaka Melkior, yaani mimi. Amesikia kwamba nimenakili mpaka alama za sikio. Mkono usioruka kitu, kasema, ni mkono mzuri, umekosa kitu cha kutazama tu.

Nimekaa kwenye benchi la nyuma peke yangu. Sijawahi kutendewa wema unaouma hivi. Nimeapa kwa sala. Kuanzia leo nachora ninachokaa nacho, kwa macho yangu.

Jumatano, 17 Julai

Sasa mimi ni mtu mpya. Mwenye hoteli ya stendi anataka mbuzi ukutani, na nimemwambia nahitaji siku nzima ya kukaa na mbuzi.

Nilikwenda kwa jirani asubuhi. Nikakaa na mbuzi bila penseli, kama Celestin. Baada ya dakika kumi mbuzi alikuwa bado hajanizoea. Akanisogelea. Nikaruka ua, suruali ikapasuka.

Celestin alifika jana, daftari lake jipya liko sakristia. Ukurasa wa tatu kuna mbuzi. Sikuchana kitu chochote, nimetazama tu kwa macho yangu, ndivyo nilivyoapa. Mchana huu nimemmaliza pale stendi. Nimembadilisha masikio, nimemwongezea baka shingoni na ndevu ndefu. Mbuzi wa namna hiyo hayupo Mpanda nzima. Sijazunguka kuhakikisha, maana mbuzi wa huku wana macho mabaya.