Wajomba wa Kikosi cha Mieleka cha Kilimahewa

Inatangazwa kwa furaha na taadhima kwa watu wote wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, waliolipa kodi na wanaotafutwa walipe, kwamba Kikosi cha Mieleka cha Chuo cha Ukarani cha Kilimahewa kimefika nusu ya msimu kikiwa katika hali nzuri sana. Kimeshindana mara tatu na kimeangushwa mara tatu. Hakuna kikosi kingine chini ya bendera ya Mdachi chenye msimamo usioyumba namna hiyo.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Akida Stambuli, mlezi wa kikosi, na aliyasema barazani Ijumaa baada ya swala. Mimi nilikuwa nyuma yake na ufagio, maana mimi ndiye Msimamizi wa Mchanga wa Mieleka. Nauchota mtoni, nauchekecha, nautandaza uwanjani, kisha wakubwa wanapita juu yake na viatu.

Cheo hiki nilipewa mwaka jana, baada ya mke wangu Mwaisha kufa akibeba mawe ya barabara inayokwenda nyumbani kwa akida. Alikuwa na homa. Nyapara akamwambia homa si udhuru unaokubaliwa, udhuru ni kifo peke yake, na Mwaisha akatimiza sharti hilo kabla ya adhuhuri. Serikali ilisikitika, ikanipa ufagio.

Akida Stambuli si mtu baki kwangu. Ni mtu wa Bagamoyo, amemwoa dada yangu Asia, na wamejaliwa mtoto mmoja wa kiume, Salehe. Kwa hiyo akida ni shemeji yangu, jambo ambalo yeye hulikumbuka kila anapotaka mtu wa kumfulia kanzu.

Sasa nieleze hali ya kikosi. Kwa kuwa chuo ni cha ukarani, wanamieleka walichaguliwa kwa mwandiko. Mwenye herufi zilizosimama wima aliingia kikosini, mwenye herufi zilizolala akabaki nje, maana akida alisema herufi ikilala na mwenyewe atalala. Wakaenda kukutana na wakata miti wa Turiani, watu ambao hawajui hata kalamu inashikwa upande gani. Waliporudi, akida akaandika kwamba vijana wetu walifika chini kwa utaratibu mzuri.

Mwanangu Rehani alikuwamo. Ana mwandiko wa kupendeza na shingo kama ya korongo. Alikuwa ameshaangushwa mara mbili, na sheria ya kikosi inasema atakayeangushwa mara ya tatu anatolewa, na anayetolewa anakabidhiwa kwa nyapara wa mizigo kwenda Mahenge. Walioondoka na mizigo ya Mahenge mwaka jana bado wako safarini. Hivyo ndivyo Boma linavyosema ukiuliza.

Mpambano wa nne ulikuwa uwe siku ya kuzaliwa kwa Kaiser, mfalme wa Wadachi, mbele ya Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa Boma, na wageni watakaokuja kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam. Wapinzani ni wachochea moto wa reli. Mkubwa wao ni Lukasi, mtu anayebeba gogo la kuni kila kwapa na bado anapata nafasi ya kukusalimia. Mimi sikuwa na mtoto mwingine wala mke mwingine. Kila nikitandaza mchanga nilikuwa najiuliza natandaza kitanda cha nani.

"Tunajenga kikosi upya," akida akatangaza. "Tutaongeza nyama na mifupa."

Akatuma askari milimani, wakaleta vijana kumi na wawili, wanene wa mabega, wapanda milima tangu wananyonya, wakaanza kulishwa nyama ya kikosi siku hiyohiyo. Akataka baba wa kila mmoja aweke kidole gumba kwenye wino kuonyesha ridhaa. Baba wote wakaweka vidole vyao hima, wengine wakaweka viwili. Mmoja aliweka kidole kwa kijana ambaye si wake, kwa adabu tu.

Akida akafurahi. "Umeona, Mwinjuma? Waluguru ni watu wepesi kuelewa."

"Ndiyo, Bwana Akida."

Ningeweza kumwambia. Lakini mimi ni Msimamizi wa Mchanga, si Mshauri wa Mila. Kila mtu wa Uluguru anajua kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba kumtolea mwanawe ruhusa ni kama kutoa ruhusa ya mvua. Inapendeza kusikia, haizuii kitu.

Kabla wiki haijaisha, wajomba wakateremka. Mbele yao alikuwa Severini wa Matombo, kaka wa marehemu mke wangu, aliyebatizwa na mapadri na kuzoea kusema na watu kama anahubiri. Walikuja na mikungu ya ndizi na migongo iliyonyooka, wakaketi uwanjani juu ya mchanga wangu.

"Tumekuja kuchukua watu wetu," Severini akasema.

"Watu wenu?" akida akaja juu. "Baba zao wamekubali! Vidole hivi hapa!"

"Tumeviona. Vidole vizuri. Baba zao ni watu wema, tunawasalimu, tunawapa ndizi. Lakini shamba si lao."

"Shamba? Nani amezungumza shamba?"

"Mtoto, bwana. Mtoto na shamba, mamoja. Baba ni mlimaji aliyepewa pa kulima."

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Akida akanigeukia. "Wewe Mwinjuma! Rehani ni mwanao au si mwanao?"

"Mwanangu, Bwana Akida. Nampenda kuliko roho yangu. Lakini mwenyewe ni huyu," nikamwonyesha Severini.

Wajomba wakainuka, wakawachukua vijana wao kumi na wawili, wakapanda nao mlima, na hakuna aliyewakimbilia, maana askari walikuwa wameshaanza ndizi. Rehani peke yake walishindwa kumchukua. Jina lake lilikuwa kikosini tangu mwanzo, na akiondoka ni Mahenge.

Akida alikaa ndani siku mbili anafikiri. Mtu wa cheo akifikiri siku mbili, watu wadogo wajitayarishe. Siku ya tatu ngoma ikapigwa sokoni na Amri Mpya ikasomwa. Kwamba serikali, kwa hekima yake, imewatambua wajomba. Kwamba mwenye neno juu ya mwanakikosi ni mjomba wa upande wa mama na si mwingine. Kwamba mjomba akisema ndiyo, kijana atashindana. Kwamba mjomba akisema hapana, kijana atabeba mizigo ya Mahenge. Kwamba mwanakikosi ni mtu yeyote anayekula nyama ya kikosi, ili mtu asije akala akajificha. Kwamba amri hii ni kwa wote bila kubagua.

Bwana Shauri aliipenda sana. Alisema huu ndio mwanzo wa utaratibu, akaigonga muhuri mara mbili kwa furaha.

Basi wajomba wakaitwa tena kutoka milimani, na vijana wao. Bwana Shauri akakaa kitini, akida kando yake. Kila mwanakikosi akaitwa jina, mjomba wake akasimama. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Angesema nini mtu? Ilipofika kwa Rehani, Severini alinitazama kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndiyo," akasema, kama mtu anayetema jino.

Kisha karani akasoma: "Salehe bin Stambuli, Mshika Bendera."

Hapo sina budi kueleza habari za mpwa wangu. Salehe hakuwahi kugusa mchanga. Kazi yake ilikuwa kushika bendera na kula nyama, na kwa upande wa nyama alikuwa na bidii kubwa. Jina lake halikutiliwa shaka na mtu.

"Huyo pita," akida akasema.

"Mjomba wa Salehe?" Bwana Shauri akauliza. Ameshazoea mchezo, anaufurahia.

Nikaweka ufagio chini, nikasimama.

"Kaa, Mwinjuma," akida akasema kwa sauti ya nyumbani. "Nenda kachekeche mchanga."

"Mchanga umechekechwa, shemeji."

"Bwana Mkubwa," akida akageuka haraka, "mimi ni mtu wa pwani. Kwa sheria ya dini yangu mtoto ni wa baba."

Bwana Shauri akamtazama, akatazama muhuri wake, ule uliogongwa mara mbili. "Bila kubagua," akasema kwa Kiswahili chake kinachotembea kwa magongo. "Wewe kuandika."

Watu wote wakanigeukia. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuulizwa na serikali jambo lolote isipokuwa jina langu na kodi yangu. Nikakohoa kama wanavyokohoa wao.

"Shauri hili ni zito," nikasema. "Naliahirisha hadi siku ya Kaiser. Litaangaliwa."

Jioni ile akida alikuja kwangu kwa miguu. Alipiga hodi! Akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akatafuta pa kuweka mikono. Asia alikuja nyuma yake, akaketi karibu nami, si karibu naye.

"Shemeji," akaanza, "tuzungumze kiungwana. Ukisema ndiyo, Lukasi atamvunja mwanangu."

"Lukasi ni mtu mpole. Atamvunja taratibu."

"Ukisema hapana, ataenda Mahenge!"

"Naam. Milango ni miwili, shemeji, na umeichonga mwenyewe. Mimi napita tu."

"Kaka," Asia akaingilia, "acha utani. Salehe ni mtoto wako."

"Na Rehani?"

"Rehani naye mtoto wetu. Ndiyo maana nimekuja." Akamgeukia mumewe. "Mume wangu, ifute ile ya Mahenge."

"Ya Bwana Shauri? Nitamwambia nini?"

"Mwambie wajomba wamekubali vizuri mno hata vitisho havina kazi tena. Atafurahi. Huwa anafurahi ukimwambia mambo yanakwenda vizuri."

Akida akanitazama. "Nikiifuta, utasema hapana?"

"Nitasema hapana," nikamwambia, "na mtoto atakaa nyumbani kwa mama yake."

Alitoka damu imemrudia usoni. Hesabu yake niliiona: ifutwe kimyakimya, ajue yeye nami, Salehe abaki, wengine wote waendelee kuogopa Mahenge na wapigane. Kesho yake kweli ikafutwa. Bwana Shauri akagonga muhuri. Ngoma ikapigwa sokoni wakati wa mvua, kukiwa hakuna mtu isipokuwa mbuzi wawili, mpiga ngoma akasoma mara moja haraka kama anayedaiwa, akaenda zake.

Siku hiyohiyo Asia alisema hana ndizi nyumbani, anakwenda Matombo kununua. Morogoro sokoni ndizi zilikuwa tele. Mumewe hakuuliza. Akida haulizi habari za ndizi.

Ikafika siku ya Kaiser. Viti vimepangwa, wageni wamefika na kofia zao nyeupe, wake zao na miavuli, bendi ya askari inapuliza. Wachochea moto wa reli wamekaa upande mmoja vifua wazi. Upande wa pili kikosi chetu, na nyuma ya kila kijana mjomba wake. Karani akaita majina upya, kila mjomba athibitishe neno lake mbele ya wageni.

"Rehani!"

"Hapana," Severini akasema, na safari hii sauti yake ilisikika hadi stesheni.

Rehani akamshika mjomba wake mkono, wakatoka. Akapita karibu yangu. "Baba, naenda Matombo kulima."

"Nenda," nikasema. Sikuwa na ruhusa ya kumpa, lakini nilimpa hivyohivyo.

Wa pili, hapana. Wa tatu, hapana. Wajomba walikuwa wanaisema kama wanavyoimba kanisani, mmoja anapokea kwa mwenzake. Akida aligeuka rangi, akamtafuta mkewe kwa macho. Asia alikuwa amejikalia chini ya mwavuli wa bibi mmoja wa Kizungu, anamenya ndizi.

"Salehe, Mshika Bendera!"

"Hapana," nikasema. Ahadi ni ahadi. Salehe akaiachia bendera, nusura imwangukie mgeni.

Uwanja ukawa mweupe. Bendi ikanyamaza kwa kukosa la kupuliza. Bwana Shauri akasimama, masikio yamewiva.

"Kikosi wapi?" akamuuliza akida. "Wewe kusema kikosi tayari!"

"Bwana Mkubwa, wajomba wamekataa. Sheria inaruhusu."

"Wote kukataa?"

Karani, ambaye alikuwa mtu wa kufuata amri neno kwa neno, akainua mkono. "Amebaki mmoja, Bwana Mkubwa. Mwanakikosi ni anayekula nyama ya kikosi. Bwana Akida hukatiwa wa kwanza, paja zima."

"Mimi ni mlezi!" akida akasema.

"Mjomba wako?" Bwana Shauri akauliza.

Akida akatazama safu ya wajomba. Mama yake ni mtu wa Bagamoyo, na kaka wa mama yake alishakufa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa muuza chumvi. Hapakuwa na mtu chini ya jua la Morogoro wa kumsemea hapana.

"Vua kanzu," Bwana Shauri akaamuru, akatoa saa yake mfukoni, akaitazama.

Lukasi akaingia uwanjani, akajipangusa viganja, akamwamkia akida kwa heshima kamili: "Shikamoo, bwana." Akida alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu hakuniita Mwinjuma, wala wewe, wala shemeji.

"Kaka," akanong'ona, "nisaidie."

Mimi nina kinyongo, lakini si mtu wa kukataa ndugu anapoomba. Nikamtazama Lukasi alivyosimama, nikapima mkono wake wa kulia na tumbo la shemeji yangu, nikakadiria mgongo utafikia wapi. Nikachota debe zima la mchanga laini, nikalimwaga pale, nikausawazisha vizuri kwa ufagio, kisha nikasogea pembeni.