Hofu ya Keki

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha! Asubuhi hii, chai bado ya moto, mke wangu ameniinamia na kuninong'oneza kwamba tunatarajia mgeni. Akaweka kidole mdomoni. Nisimwambie Kibogoyo, anataka iwe mshangao. Kisha akachukua kipande cha limau, akakitafuna pamoja na ganda lake. Limau! Asubuhi!

Sikuuliza lini. Mume mwenye akili haulizi, anahesabu mwenyewe. Nilihesabu njia nzima hadi nikapitiliza duka langu, nikajikuta kwenye kituo cha mafuta, mhudumu ananiuliza kama nimekuja kujaza upepo.

Niandike mambo yakae wazi, nisije nikafa kwa presha kabla watu hawajanielewa. Mimi ni fundi wa vitasa na kufuli. Mke wangu ni mshonaji. Tuna mtoto mmoja tu, binti, na kwa kuwa meno yake ya mbele yamedondoka tunamwita Kibogoyo. Mtu mwenye mtoto mmoja ni kama mtu mwenye ufunguo mmoja usio na nakala: kutwa anapapasa mfuko. Mimi napapasa. Akikohoa, napapasa. Akinyamaza, napapasa zaidi. Mlango wa nyumba yetu una vitasa vitatu na komeo, na binti nimemfundisha mwenyewe: mlango ukigongwa, hata ugongwe vipi, usijibu, na usipumue kwa nguvu.

Watu hunicheka. Mashemeji ndio usiseme. Kila salamu yao ina mkia: wa pili lini? Wasionicheka ni watatu tu, nao hukutana kila Jumapili alasiri sebuleni kwa Nesi. Nesi ana mmoja. Mama Chaki, mwalimu wa hesabu, ana mmoja. Kinyozi ana mmoja. Tunajiita Baraza la Mmoja. Watoto wanacheza uani, sisi tunakaa ndani tunaogopa pamoja. Nikisema nimeamka kusikiliza kama binti yangu anapumua, Mama Chaki huuliza nilitumia sikio au kiganja, maana yeye hutumia kiganja. Kabla ya Baraza sikuwa na rafiki. Nilikuwa na wateja.

Na sheria ya Baraza naijua. Siku yangu ya kwanza Nesi aliitamka mbele ya wote: hapa ukipata wa pili tunakuaga kwa keki. Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naitazama hiyo keki. Ilikuwa ya mwenzao, Dereva. Mkewe alijifungua mapacha. Alikula, akashikana mikono na kila mtu, akatoka. Sijamwona tena hadi leo. Na kiti chake ndicho ninachokalia mimi!

Jumanne, 4 Juni

Ushahidi unazidi. Nimemfumania mke wangu akishona gauni dogo mno, halizidi kiganja changu. Kuniona tu akalisukuma chini ya cherehani na kuanza kuimba. Gauni! Kwa hiyo ameshajua hata kwamba ni wa kike.

Nimewaza kutwa nzima. Nimekata funguo nne za mteja mmoja, zote hazifungui kitu. Lakini mpango nimeupata. Baraza haliwezi kufukuza wawili kwa mpigo. Tukitoka wawili wanabaki wanawake wawili, na hapo si baraza tena, ni maongezi. Kwa hiyo lazima apatikane mkosaji mwingine, atangulie yeye, ili sheria ilegezwe ikifika zamu yangu.

Nimemchagua Kinyozi. Sina ugomvi naye, Mungu shahidi. Ila kila Jumapili anakuja na mkoba wake wa kazi, anawanyoa watoto wote bure uani, nao wanamshangilia utadhani kaleta sarakasi. Binti yangu mwenyewe alinitangazia kwamba akikua ataolewa na mtu anayenukia poda. Mimi nanukia grisi.

Jioni nimepita kwa Mama Chaki nikijifanya kukagua komeo la lango lake. Nikasema, kama mtu anayeongea na komeo, kwamba mke wa Kinyozi amenawiri siku hizi. Hasa kiunoni. Mama Chaki akanitazama, kisha akalitazama komeo. Kazi imekwisha.

Alhamisi, 6 Juni

Kinyozi amekuja dukani. Nilipomwona mlangoni moyo ulinidondoka hadi kwenye soksi.

Alitaka kufuli ndogo ya saluni. Nikampa tatu achague. Akazigeuzageuza, hakuchagua. Kisha akaanza kusema, taratibu, macho kwenye kufuli. Kwamba yeye na mkewe walitaka watoto wanne. Kwamba walihangaika miaka mingi, hospitali hadi hospitali, na mwishowe daktari akawaambia wamshukuru Mungu kwa huyo mmoja. Kwamba mkewe haendi tena kwenye sherehe, kwa sababu ya lile swali la wa pili lini. Na kwamba kwa Nesi ndiko mahali pekee ambapo swali hilo halijawahi kuulizwa. Basi.

Nilijisikia mdogo kuliko skrubu. Nikampa kufuli ya shaba, ile ya dirishani, nikakataa malipo. Akanishukuru sana. Afadhali angenizaba kibao.

Sasa naogopa mara mbili. Naogopa kufukuzwa, na naogopa ajue ni nani aliyemsema mkewe. Nimerudi nyumbani mapema, nikamkumbatia Kibogoyo mpaka akalalamika kwamba namminya.

Ijumaa, 7 Juni

Wamejua!

Nimemwona Nesi kwa macho yangu akitoka dukani na unga, mayai trei nzima, sukari, siagi. Hakuna mtu anayenunua siagi kiasi kile kwa ajili ya mkate. Mbele ya duka la dawa akakutana na mke wangu. Wakanong'onezana. Nikajificha nyuma ya gari la takataka, nikasikia neno moja tu: Jumapili. Kisha mke wangu akacheka na kumshika Nesi mkono.

Anacheka! Yeye mwenyewe kapeleka habari! Hajui anachokatisha. Jumapili nitakula kipande changu, nitashikana mikono na kila mtu, nitatoka. Halafu Jumapili inayofuata nitakaa wapi? Nitamwambia nani kwamba naogopa? Mashemeji?

Nimeshindwa kula. Kibogoyo ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kazi nyingi. Akaniuliza kama nakumbuka Jumapili ni siku gani. Nikamwambia nakumbuka sana, mwanangu.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna keki, hakuna kuagwa. Mpango ni huo.

Nimekwenda kwa Nesi na sanduku la vifaa. Nikamwambia nimekesha nikiwaza kitasa cha mlango wake wa jikoni, kwamba ni cha zamani, kwamba mwizi anakifungua kwa kijiko. Nesi akasema jikoni hakuna cha kuiba ila vijiko. Nikasema ndiyo hatari yenyewe. Akaniachia, ana moyo mzuri.

Nimeweka kitasa cha kujifunga chenyewe mlango ukisukumwa. Nesi nimempa ufunguo ambao sikuuchonga meno ya mwisho. Unaingia vizuri, haugeuki. Ule wa kweli uko mfukoni mwangu. Dirisha la jikoni lina nondo. Keki itakuwa ndani, sisi tutakuwa nje, nami nitasikitika kuliko wote.

Kazi nzuri, nikiri mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Niandike yote kabla sijalala.

Mwanzo kila kitu kilikwenda sawa. Watoto uani, Kinyozi na mashine yake, mke wangu kavaa gauni la kutokea. Wote wananitazama na kutabasamu. Wanatabasamu kabisa, watu wananifukuza! Nesi akasema sasa akalete kitu. Nikasikia ufunguo ukiingia. Haukugeuka. Akaniita. Nikajaribu, nikatikisa kichwa, nikalaumu kiwanda. Nikapendekeza tuache hadi kesho.

Hapo Mama Chaki, ambaye huhesabu watoto kila baada ya dakika kadhaa kama darasani, akauliza Kibogoyo yuko wapi.

Uani hayupo. Chooni hayupo. Mtoto wa Kinyozi akasema ameingia jikoni kuchungulia mlango ulipokuwa bado wazi, akausukuma ukafunga asionekane.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikamwita kwa jina lake la cheti, ambalo hatulitumii. Kimya! Mle ndani mna jiko la gesi. Mna visu. Mna sijui nini. Nikachomoa ufunguo wa kweli mfukoni, sikujali nani ananiona, nikauingiza na kuuzungusha kwa nguvu zangu zote.

Ukakatika. Nusu mkononi, nusu ndani ya kitasa. Kitasa changu, kazi yangu nzuri!

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nililia kwa sauti, kamasi na yote. Nikawaambia wachukue keki yao, wachukue kiti, wanifukuze, mimi nataka mtoto wangu tu. Nikasema hata huyo mwingine akija, wakija hata kumi, huyu ndiye huyu, hana nakala. Mke wangu akauliza mwingine nani.

Kinyozi alikuwa ameshapiga magoti. Akatoa kwenye mkoba wake kile kibano anachong'olea nywele za sikioni, akakiingiza kwenye tundu la ufunguo, akachomoa kile kipande. Akaniambia haya, fundi, zamu yako. Nikaomba pini ya nywele ya mke wangu. Mkono ulikuwa haukamatiki. Basi Kinyozi akanishika kiwiko kisicheze, Mama Chaki akanishika bega, na Nesi akalaza shavu mlangoni akawa anamwambia Kibogoyo kwa sauti tulivu kwamba baba anakuja. Hawa watu wana watoto wao uani, na hakuna hata mmoja aliyeniachia. Kitasa kikalia klik.

Alikuwa chini ya meza. Mzima! Uso mzima umejaa sukari nyeupe. Nikamuuliza kwa nini hakujibu, nikiwa nusu nacheka nusu namfokea. Akanikumbusha kwa heshima kwamba baba alisema mlango ukigongwa usijibu. Na kwamba alijitahidi sana asipumue kwa nguvu.

Juu ya meza, keki. Upande mmoja umechimbwa kwa vidole. Upande uliobaki umeandikwa: Miaka Saba.

Siku yake ya kuzaliwa. Baba gani huyu, anamsikiliza mtoto akipumua kila alfajiri, halafu anasahau siku aliyoanza kupumua!

Kabla sijapata pa kuuficha uso, mlango wa mbele ukafunguliwa na mama mkwe akaingia na begi lake kubwa, akiomba radhi kwa kuchelewa. Mgeni. Mgeni ndiye huyo! Amesafiri kuja kwenye sherehe ya mjukuu. Gauni dogo ni la mwanasesere, zawadi. Limau ni kwa ajili ya koo, mke wangu alikuwa na mafua wiki nzima, eti mimi nilikuwa sijaona.

Walicheka mpaka Mama Chaki akakaa sakafuni. Kisha Nesi akanifafanulia, taratibu kama kwa mgonjwa. Hakuna sheria. Ulikuwa utani. Dereva hakufukuzwa, alihamishiwa kituo kingine mbali, na bado anampigia Nesi kila akiwa na hofu ya mapacha wake, ambao sasa anaogopa mara mbili. Akasema hata nikipata watano, kiti changu ni kile. Nikala keki.

Tulipokuwa tunaondoka Kinyozi alinifuata hadi langoni. Akasema Mama Chaki alimwambia tangu Jumatano nani kaleta habari za mkewe, na ndiyo sababu alikuja dukani. Hakupandisha sauti. Akasema siku nyingine ukiwa na hofu uniulize mimi. Halafu akasema ile kufuli ya shaba ni imara, kweli. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilifurahi haikupasuka, kwa sababu Jumapili ijayo nataka kwenda.

Nimejifunza. Kuanzia leo sikisii tena. Neno likisemwa, nitalichukua lilivyo.

Alhamisi, 18 Julai

Mama mkwe ameondoka jana, na mikoromo yake. Nyumba imetulia. Baraza linaendelea vizuri, kitasa cha Nesi nimekibadilisha bure.

Asubuhi hii mke wangu kaja dukani, jambo ambalo hafanyi. Akanishika mkono juu ya meza ya kazi, machozi yamemlengalenga, akaniambia kwamba tunatarajia mgeni.

Zamani ningezimia! Sasa hivi nikaendelea kuchonga ufunguo. Nikamuuliza mgeni anafika lini. Akasema mwakani, kama mwezi wa tatu. Nikashangaa mtu anayepanga safari mapema namna hiyo. Nikauliza atakaa siku ngapi. Akasema miaka mingi, Mungu akipenda. Hapo nikaona lazima niwe mkali: nikamwambia ndugu zake nawaheshimu, lakini huyo aje na godoro lake, na kama anakoroma kama mama atalala jikoni.

Akaniachia mkono. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akakimbilia nyuma ya duka na kutapika. Hayo mafua yake hayajaisha, nimemshauri anywe limau.

Mgeni! Safari hii sikutetemeka hata kidogo. Jumapili nitawasimulia kwenye Baraza, waone jinsi nilivyobadilika.