Shali ya Mama Mkwe na Pange wa Bondeni

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe bado yupo. Alikuja kumwona mjukuu alipozaliwa, akasema atakaa siku mbili tatu. Mjukuu sasa anatembea.
Leo amekalia kochi la mteja hapa uani ninapofanyia kazi, akanitazama nikishona. Akasema mshono wangu unakwenda kama mlevi anayetoka harusini. Mteja alikuwa amesimama palepale. Alicheka. Mimi, fundi makochi niliyeshonea hadi viti vya mahakama! Mke wangu anasema nivumilie, ni mama yake. Najua ni mama yake. Ndilo tatizo lenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa.
Daktari wa mifugo alikuja kwa jirani, muuza maziwa. Ng'ombe wanarusha mateke wakikamuliwa, maziwa yamepungua. Kisa ni pange, wale nzi wakubwa wenye macho ya kijani wanaozaliana kwenye tope la bondeni. Nikasogea uzioni, nikajifanya natafuta msumari.
Nimepata somo la bure kwa daktari. Anayeuma ni jike tu, anataka damu ili mayai yakomae. Dume anakunywa maji ya maua, hana neno na mtu. Nilimwonea huruma kama ndugu. Jike hachomi kama mbu. Anakata ngozi kama kwa mkasi, kisha analamba damu. Akifukuzwa kwa ng'ombe huyu, anahamia kwa yule na damu mdomoni, na magonjwa yanahama naye. Anavutwa na kitu cheusi, chenye joto, kinachotembea juani.
Jirani alishika kichwa. Mimi nilirudi napiga mluzi. Mama mkwe hapatani na wadudu kabisa. Akiumwa mara mbili, atafunga mizigo mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimemnunulia mama mkwe shali. Nyeusi tii. Mke wangu alilengwa na machozi, akasema hakujua nina moyo huu. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akauliza nani kafa. Kisha akajitanda. Nikampendekezea matembezi ya mchana, anyooshe miguu. Akasema miguu yake imenyooka ya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi
Ameshinda kivulini, katulia kama gunia. Pange hawana haja na kivuli. Nikaburuta kochi hadi juani, nikasingizia gundi haijakauka. Akalifuata.
Pange wa kwanza akaja, akamzunguka, akatua begani. Akahangaika pale weee, hakupenya. Shali ni nzito mno! Nilichagua kitambaa kama mtu anayevika kochi, kile cha kudumu. Maradhi ya kazi. Mama mkwe akamlamba kofi moja, akaendelea kumenya viazi.
Mimi nilikuwa nimevaa suruali nyeusi, natiririka jasho kwa kuburuta kochi. Nimeumwa nyuma ya goti, na mahali pengine nisipopaandika.

Ijumaa, 7 Machi
Pamevimba. Fundi viti asiyeweza kukaa! Mama mkwe kaagiza nioshe kwa sabuni, niweke kitambaa cha maji baridi, nisijikune. Nimejikuna. Siwezi kupokea amri za mtu ninayemfanyia njama.
Mpango mpya: kama pange hawamwendei, yeye awaendee. Nimemwambia nataka matete ya bondeni ya kutengenezea viti, naomba ushauri wake. Kukataa kutoa ushauri hawezi. Alikuwa kashavaa viatu, ikabidi nimwombe tungoje kesho mchana.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika kitandani, zahanati, kwa jicho moja.
Tulifika bondeni jua la utosi. Nikakata matete, nikajaza mikono. Mama mkwe akasema joto limemzidi. Akavua shali, akanitupia mabegani nimshikie. Upepo ukaibeba, ikaanza kupepea.
Walikuja wote. Shingoni, masikioni, kwenye kope. Nikatimua mbio, wakanifuata kwa furaha, maana kitu cheusi kinachokimbia ndicho wanachopenda. Halafu midomo ikavimba, mwili mzima ukatoka vipele, kifua kikabana. Nilitaka kusema nakufa, ikatoka filimbi.
Mama mkwe hakupiga kelele. Alinikokota hadi barabarani, akasimama katikati, mbele ya lori la mchanga. Dereva akafunga breki, akamtukana. Yeye akafungua mlango, akanisukuma ndani kama mzigo.
"Mwanangu hapumui," akamwambia. "Wewe endesha, matusi utanimalizia njiani."
Mwanangu!
Nikachomwa sindano. Muuguzi akasema wengi huishia kuvimba na kuwashwa tu, ila wapo wachache ambao mate ya pange huwafanya hivi, na tungechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine. Tena nikae mbali na kila mdudu anayeuma. Nililia kidogo. Machozi yalitoka jicho moja.

Jumapili, 9 Machi
Niko nyumbani. Mama mkwe kanilisha uji kwa kijiko mbele ya mwanangu, ambaye anajilisha mwenyewe. Mke wangu alipotoka, akaweka bakuli chini.
"Baba, ile shali uliniletea ya nini?"
"Ya baridi, mama."
"Baridi ipi?"
Nikajifanya nimesinzia. Akanikanda uso kwa maji baridi hadi nikasinzia kweli. Mama wa watu. Nimejuta. Kuanzia leo ni mama yangu, akae atakavyo.

Jumatatu, 10 Machi
Ameitikia kabla sijatamka. Atakaa hadi nipone, kisha hadi mvua ziishe, kwa sababu mwili wangu, asema, ni wa kuangaliwa. Nilipokuwa nimelala amefumua kochi la mteja, akalishona upya. Mteja kaja kulichukua. Kasema sasa ndiyo kazi. Kauliza kama mama anapokea oda!
Jioni daktari wa mifugo alipita kwa jirani. Nikajikongoja hadi uzioni, nikamuuliza, kwa ajili ya elimu tu, nyuki wanapenda nini. Akasema maua, na kitu chochote kinachonukia kama maua.
Kesho namnunulia mama mkwe marashi.